Mimi Usukani, Yeye Ulimi: Italia kwa Gari

Mtoto wa Malindi haendi shule kujifunza Kiitaliano; Kiitaliano humjia mwenyewe. Kiko kwenye mabango ya maduka ya aiskrimu, kwa muuza vinyago wa ufuoni, kwa mvuvi anayetaja kamba na pweza kwa lugha mbili kabla hajataja bei. Wazee wetu huianzia hadithi hii Ngomeni, kaskazini ya mji, mahali Waitaliano walipoweka jukwaa la San Marco baharini la kurushia satelaiti. Satelaiti ya kwanza ilirushwa pale Aprili 1967. Tarehe 12 Desemba 1970, siku Kenya inapoadhimisha uhuru wake, ikarushwa nyingine iliyopewa jina la Uhuru, ya kwanza duniani kutengenezwa mahususi kuchunguza miali ya eksirei kutoka angani. Nyuma ya wahandisi wakaja watalii, na nyuma ya watalii zikaja hoteli, nyumba za likizo na pizza.

Mume wangu amekulia humo. Alianza kwa kubeba sinia hotelini, kisha akahamia mashuani, kuwapeleka wageni kwenye matumbawe. Kiitaliano chake ni cha pepo na mawimbi, cha bei, cha utani, cha kuuliza hali ya watoto walioachwa nyumbani. Changu ni cha kusalimia na kuhesabu. Kwa miaka yote hiyo Mwitaliano kwetu amekuwa mgeni. Tunamjua akiwa likizoni, mabega yameiva kwa jua, hana haraka na mtu. Hatujawahi kumwona akiwa kwake, siku ya kazi, amechelewa mahali. Hilo ndilo lililotufanya tukatae basi la watalii na kuamua kukodi gari. Tulitaka kumwona mwenyeji akiwa mwenyeji.

Mambo ya viza nayaruka, kila aliyeomba anayajua.

Mpango ulikuwa mume wangu aendeshe. Alijiandaa kwa muda mrefu, akitazama video za madereva wa Roma usiku baada ya kula, akisimamisha kwenye kila mzunguko ili aone nani anampisha nani. Huko wanaendesha upande wa kulia, sisi wa kushoto, na yeye alitaka mwili wake uzoee kabla hajafika. Sote wawili tulichukua kibali cha kimataifa cha udereva, kwa kuwa leseni ya Kenya peke yake haitoshi Italia. Changu kilikuwa cha akiba tu.

Kaunta ya magari ya kukodi pale uwanja wa ndege wa Fiumicino iligeuza mambo yote. Binti aliyetuhudumia alitaka kadi ya mkopo, na jina lililoandikwa juu yake liwe jina la dereva. Kampuni huzuia fedha kwenye kadi hiyo kama amana mpaka gari lirudi salama. Kadi ya mume wangu ilikuwa ya kawaida, ile inayotoa pesa moja kwa moja kwenye akaunti, na haikukubaliwa. Ya mkopo ilikuwa yangu, niliichukulia biashara yangu ya leso. Kumwandikisha yeye kama dereva wa pili kulikuwa na malipo ya kila siku, na tulipojumlisha, ilikuwa gharama ya kulala mahali pazuri kwa siku kadhaa. Tulitazamana. Nilimwona akimeza ile safari aliyoipanga kichwani, kisha akanikabidhi faili lenye karatasi zetu zote.

“Basi, mama watoto,” akasema, “usukani wako. Mimi nitakuwa ulimi.”

Tulipofika kwenye gari sote wawili tulikwenda mlango wa kulia. Mimi kwa sababu dereva kwetu hukaa kulia, yeye kwa sababu alikuwa amekwisha kujifunza kwamba kule abiria ndiye anayekaa kulia. Nikazunguka.

Gari lenyewe lilikuwa la gia za mkono, kama yalivyo mengi ya kukodi kule. Gia na klachi nilizijua tangu chuo cha udereva, lakini mkono wangu wa kushoto ndio uliojifunza, na sasa kazi ilihamia wa kulia. Zaidi ya hapo kuna jambo ambalo kila Mkenya anayeendesha gari la Kijapani atalielewa: kwetu indiketa iko mkono wa kulia wa usukani na waipa iko kushoto, na katika magari ya Ulaya ni kinyume. Kwa hiyo kila nilipotaka kukata kona, waipa zilifuta kioo kikavu. Barabara ya mzunguko ya Roma, wanayoiita GRA, ina urefu wa kilomita 68, na kila kipande nilichopita nilikipita nikifuta jua. Malori kulia, pikipiki kushoto, na mume wangu akisoma mabango ya barabarani kwa sauti ya yule nahodha ninayemjua: “Kaa hapo hapo. Usihame. Sasa hama.” Hakunipigia kelele hata mara moja. Naliandika hili kwa sababu namjua mtu aliyeota kuishika njia ile kwa mikono yake mwenyewe, na namna alivyonipa utulivu siku ile siwezi kuisahau.

Barabara kuu ya kaskazini ni ile A1, Autostrada del Sole, inayoanzia Milano hadi Napoli, kama kilomita 760. Ilianza kujengwa 1956 na ikakamilika Oktoba 1964. Mwendo wa juu ni kilomita 130 kwa saa, mvua ikinyesha ni 110, na nje ya mji taa huwashwa hata mchana wa jua kali. Unapoingia unachukua tiketi kwenye mashine, unapotoka unalipia masafa uliyokwenda. Njia za kulipia zina rangi zake: ya manjano ni ya wenye kifaa cha Telepass na hawasimami, ya buluu ni ya kadi, nyeupe ni ya fedha taslimu. Mume wangu alikuwa amenieleza yote hayo, na tulipotoka Orvieto nikaingia ya buluu bila wasiwasi.

Mashine ikaitema kadi yangu. Nikairudisha, ikaitema tena. Benki yetu huko nyumbani ilikuwa imeifunga baada ya kuona amana nzito imezuiwa kwenye nchi ya mbali. Ujumbe wa kunitahadharisha ulikuwa umekuja kwenye laini niliyoizima ili kukwepa gharama. Nyuma yetu honi zikaanza. Kurudi nyuma hakuna, kijiti kiko chini, na sanduku lile halina uso wa kulilalamikia. Mume wangu akafungua mkanda, akanilalia mapajani mpaka kichwa chake kikatoka dirishani kwangu, akabonyeza kitufe cha msaada. Sauti ya mwanamke ikatoka humo. Akamjibu kwa ule ule uchangamfu wa ufuoni, akamsalimia kwanza, akamuuliza hali, ndipo akamweleza. Honi zinalia, yeye anasalimia. Yule mama, popote alipokuwa ameketi, alicheka, akamuuliza amejifunzia wapi Kiitaliano hicho. Mashine ikatoa karatasi ndefu, kijiti kikainuka.

Karatasi ile ilikuwa ya deni. Kumbe kule kadi ikikataa hawakuzuii: nambari ya gari inapigwa picha, unapewa hati, na una siku 15 za kulipa kwenye mtandao au kwenye ofisi zao bila kuongezewa kitu. Tuliilipa usiku huo, baada ya kuipigia benki simu na kuthibitisha kwamba mimi ndiye mimi. Nimelifikiria jambo hili sana. Mgeni akikwama kwetu kwenye daraja la Sabaki, atazungukwa na watu kumi kabla hajazima injini, kila mmoja na shauri lake. Kule ulikwama peke yako mbele ya sanduku, lakini sanduku lilikuwa na utaratibu wa kukuamini. Sikujua kabla ya siku ile kwamba huo nao ni ukarimu.

Orvieto imekaa juu ya jabali la mawe ya volkano, na gari tuliliacha chini. Ndani ya jabali kuna kisima cha San Patrizio. Mwaka 1527 majeshi ya mfalme Karl wa Tano yaliipora Roma, na Papa Clement wa Saba akakimbilia huku. Alihofia mji ukizingirwa utakosa maji, akaagiza kichimbwe kisima, na Antonio da Sangallo akakichora kwa namna ambayo sijapata kuiona pengine. Kina chake kinapita mita 50, na ukutani kuna ngazi mbili za kuzunguka, moja ya kushukia na nyingine ya kupandia, kila moja na vidato 248, zisizokutana mpaka chini. Punda aliyeshuka mtupu hakupishana kamwe na punda aliyepanda na maji. Kilikamilika 1537. Mume wangu alisimama kwenye dirisha moja la ngazi akatazama chini, akakumbuka visima vya magofu ya Gedi, alivyokuwa akiwaonyesha wageni na kuwaambia watu wa mji ule walihangaika na maji. Akaniambia laiti angekiona kisima hiki zamani, angewaeleza Waitaliano wake vizuri zaidi kuhusu Gedi.

Kutoka hapo tulifuata barabara ya zamani ya Cassia kuingia bonde la Orcia, na hapo niliacha kuhesabu makosa ya waipa. Wanaoliita bonde hili zuri hawajalitendea haki. Ngano ilikuwa imekwisha kuvunwa, vilima vina rangi ya mkate, na miti ya saipresi imepangwa mstari hadi kwenye mlango wa nyumba moja pekee. UNESCO ililiweka kwenye orodha yake mwaka 2004, na sababu waliyotoa ni kwamba mandhari hii ilitengenezwa na watu, wakuu wa mji wa Siena wa karne za nyuma waliotaka shamba lionekane kama serikali njema inavyoonekana. Mji wa Pienza nao ni hivyo hivyo. Papa Pius wa Pili alizaliwa hapo palipokuwa kijiji tu, na kuanzia 1459 akamwita mjenzi Bernardo Rossellino akijenge upya kiwe mji. Kitovu chote unakizunguka kwa miguu kabla chai haijapoa.

Njaa ndiyo ilitutesa bondeni humo. Mtu wa pwani amezoea kwamba chakula kipo wakati wowote ukiwa na pesa; hata saa kumi alasiri utapata mahamri, mishikaki, viazi karai. Toscana, mkoa lilimo bonde hili, jiko la mkahawa hufungwa mapema alasiri na halifunguki mpaka jioni, kama saa moja na nusu. Tulipita miji mitatu, viti vimeinamishwa, mapazia yameteremshwa. Katika mmoja mume wangu alimkuta bibi kizee anafagia mbele ya duka lililofungwa, akamwamkia. Walizungumza kwa muda mrefu kuliko njaa yangu ilivyotaka. Mwishowe bibi akafungua mlango nusu, akatukatia jibini la kondoo la pale pale Pienza, nyanya, na mkate. Mkate wa Toscana hauna chumvi hata chembe. Mara ya kwanza ulimi unashtuka. Ukiula na lile jibini lenye chumvi kali unaona kwamba hawa watu wanajua wanachofanya, na sasa mimi huo ndio mkate ninaoukumbuka kuliko wote.

Kula kwetu kulikuwa na shughuli nyingine pia, kwa sababu sisi ni Waislamu. Nyama ya nguruwe tulijua tutaikwepa, na katika mkahawa mmoja kichwa cha nguruwe mwitu kilichokaushwa kilikuwa ukutani juu ya meza yetu, kwa hiyo mchuzi uliomwagwa juu ya zile tambi nene za pici haukuhitaji maelezo. Kilichotufundisha ni piadina, mkate wa kusukuma wa mkoa wa Romagna, ambao machoni ni chapati kabisa. Tuliagiza ya jibini na mboga, tukafurahi, na kabla ya kuuma mume wangu akaona kibao kidogo cha viungo kaunta: ndani ya unga wenyewe kulikuwa na mafuta ya nguruwe. Ndivyo inavyopikwa tangu asili. Mwenye kibanda alipojua, alichukua sahani zote mbili bila kununa, akatutandikia nyingine za mafuta ya zeituni, akakataa kulipwa zile za kwanza. Tangu hapo tulikuwa tunauliza habari za unga kabla ya habari za kilichomo. Atakayepita njia hiyo na aulize vivyo hivyo.

Sitaki kupita bila kueleza kuhusu kamera, kwa kuwa jambo hili limewaumiza Waswahili wengi walioko Ulaya wanaokwenda Italia kwa magari yao. Miji ya kale mingi ina eneo la katikati linaloitwa ZTL, ambamo gari la asiye mkazi haliruhusiwi kuingia saa fulani. Hakuna askari wala mnyororo. Kuna kibao cheupe chenye duara jekundu, na kamera inayosoma nambari. Taa ikionyesha maandishi kwamba lango liko hai, maana yake marufuku inafanya kazi wakati huo. Hoteli iliyo ndani ya eneo hilo inaweza kuiandikisha nambari ya gari la mgeni wake, na ya kwetu katika mji mmoja wa Toscana ilituambia imeshafanya hivyo, tuje mpaka mlangoni kushusha mizigo. Tukaenda. Njia ilikuwa nyembamba kiasi kwamba mume wangu alivuta vioo vya pembeni ndani, wa kwake na wa kwangu, na paka akatoka kwenye kizingiti kutupisha. Tulilala vizuri sana. Nitairudia hoteli hiyo baadaye.

Firenze tuliifanya kwa akili. Kuna maegesho ya Villa Costanza ambayo unayaingia moja kwa moja kutoka barabara ya A1, bila hata kutoka kwenye barabara ya kulipia, na hapo hapo unapanda tramu mpaka mjini. Gari tuliliacha huko. Kuba la kanisa kuu, la Brunelleschi, lilikamilika 1436, na ukisimama chini yake huulizi kwa nini watu wanasafiri. Umati ulikuwa mkubwa mno lakini, na tuliondoka kabla ya jua kuchwa.

Ravenna ilinipendeza zaidi. Makanisa yake kwa nje ni matofali makavu, na ndani kuna mozaiki za karne ya tano na ya sita, dhahabu na kijani, ambazo bado zinang'aa. San Vitale lilizinduliwa mwaka 547. Huko ndiko alikozikwa Dante, mshairi wao mkuu, aliyefukuzwa Firenze na kufa uhamishoni 1321. Firenze ilimtaka maiti wake kwa karne nyingi ikanyimwa, na kaburi waliloliandaa kwa ajili yake huko Santa Croce limebaki tupu. Siku hizi kila Septemba mji wa Firenze hupeleka mafuta ya kuwashia taa ya kaburini pake. Miji kukosana juu ya mshairi, mtu wa pwani yetu atalielewa bila kuelezwa.

Kutoka Ravenna tulishuka kusini kwa barabara ya E45. Hii hailipiwi, ndiyo maana malori yanaipenda, na lami yake inaonyesha. Tulikuwa tumekwisha kuvuka safu ya Apennini, tunateremka, nikahisi usukani unavuta. Nikasimama kwenye kibaraza cha dharura. Sheria inakutaka uvae fulana ya kung'aa kabla ya kutoka nje na uweke pembetatu nyuma ya gari, na vyote vilikuwemo. Tairi la nyuma la kulia lilikuwa limelala nusu, skrubu imezama katikati.

Tukafungua buti kutafuta spea, na spea haikuwemo. Magari mengi ya sasa hayabebi. Kulikuwa na kijisanduku chenye pampu ndogo ya umeme na chupa ya gundi ya kumiminwa ndani ya tairi. Mimi nilikuwa nimeshashika chupa. Mume wangu akanizuia. Alisema skrubu yenyewe bado imeziba tundu, upepo unatoka polepole; tukimimina gundi, fundi atakayelifungua tairi atatulaani na chupa tutaidaiwa. Tupige pampu tu, tutembee taratibu, tukisimama kupima. Ni mtu aliyerudisha mashua zilizotoboka mara nyingi, anajua tundu lipi linasubiri na lipi halisubiri. Tulijaza, tukasonga, na mji wa kwanza uliokuwa karibu ulikuwa Sansepolcro.

Fundi wa matairi tulimwona kwa bango, na geti lake lilikuwa limefungwa. Saa saba na nusu mchana. Kibao kilisema atafungua tena saa tisa. Mji mzima ulikuwa umeingia ndani kula. Kwetu pancha huzibwa wakati wowote, hata usiku wa manane kwa tochi ya simu, na nilianza kukasirika, ndipo mume wangu akaniambia: “Mama, hawa watu kwetu tumewaona wakikaa mezani masaa matatu tukadhani ni likizo. Kumbe ni desturi yao.” Nikakaa kimya. Ilikuwa kweli. Ndiyo maana tulikuja, na sasa nilikuwa nimesimama mbele ya geti nikitaka waache kuwa wenyewe.

Tuliliacha gari pale, tukaingia mjini kwa miguu kutafuta kivuli. Kwa bahati jumba la makumbusho la mji lilikuwa wazi. Sikuwa nimesoma chochote kuhusu Sansepolcro. Ndani kuna mchoro wa ukutani wa Piero della Francesca, mzaliwa wa mji ule, aliouchora karne ya 15: Kristo anatoka kaburini, mguu mmoja juu ya ukingo, na chini yake askari wamelala usingizi. Dini yetu haisemi hivyo juu ya Nabii Issa, na sikusimama pale kama muumini wa picha ile. Nilisimama kwa ajili ya macho. Anakutazama moja kwa moja, bila hasira, na kila upande ukihama unahisi amekuona. Mlinzi, mama mtu mzima, alitukaribia akatueleza yaliyotokea 1944. Waingereza walikuwa wakiupiga mji kwa mizinga wakidhani Wajerumani bado wamo. Afisa kijana, Tony Clarke, akakumbuka alisoma mahali kwamba katika mji huu umo mchoro bora kuliko yote duniani. Akasimamisha mizinga. Wajerumani walikuwa wameshaondoka, na mji ukasalimika, na kuna mtaa humo wenye jina lake. Mume wangu alitafsiri hadi mwisho, halafu akanyamaza, na mlinzi akanyamaza naye. Hakuna kitu katika safari ile kilichonigusa kama saa ile, na tuliipata kwa skrubu.

Saa tisa kamili fundi alifungua, mikono imeoshwa, uso umetulia. Akalivua tairi, akang'oa skrubu, akatia kiraka kwa ndani, akalizungusha kwenye mashine kupima uzani. Alipoona hakuna gundi ndani alimpa mume wangu mkono. Alimuuliza katoka wapi. “Malindi.” Akaacha kufuta mikono. Dada yake alikwenda Malindi fungate yake, zamani. Aliporudi hakunyamaza mwaka mzima juu ya bahari ile. Wakaanza: hoteli gani, ufuo upi, kama mkahawa fulani bado upo. Fundi akavuta benchi, akatukalisha, akaleta kahawa tatu kutoka kibanda cha jirani, na mume wangu akanyanyuka kumsaidia kushika sinia, kwa mazoea. Fundi akamkatalia. Akamwambia akae, yeye ndiye mgeni. Nilimwona mume wangu akiketi tena, polepole, mikono juu ya magoti, hajui aiweke wapi. Miaka yote ile hakuna Mwitaliano aliyemletea yeye kahawa. Tulilipa euro 15 na tukaondoka jua likielekea magharibi.

Roma tulirudisha gari bila mkwaruzo, alhamdulillahi. Binti wa kaunta, mwingine, alilizunguka kwa tochi, akasaini.

Barua ilifika Malindi miezi mingi baadaye, kwa jina langu, kwa kuwa dereva ni mimi. Kabla yake kampuni ya magari ilikuwa imekata ada kwenye kadi yangu kwa kazi ya kupeleka jina langu polisi. Ilikuwa faini ya kamera ya ule mji wa paka na njia nyembamba. Nambari yetu haikuandikishwa. Mwitaliano ana hadi siku 360 kumfikishia faini mtu anayeishi nje ya nchi, kwa hiyo usidhani umesahauliwa. Mume wangu aliisoma barazani neno kwa neno, akaona kwamba ukilipa ndani ya siku tano tangu kupokea unapunguziwa asilimia 30. Tukalipa siku ile ile. Kisha akampigia mwenye hoteli, tena kwa salamu ndefu, akamtumia ule ujumbe wao wa kutuhakikishia. Yule bwana aliomba radhi, akasema mfanyakazi aliyepokea nambari hakuipeleka, na pesa zote zikarudi wiki iliyofuata, pamoja na ile ada ya kampuni ambayo hatukuiomba.

Kwa anayejiandaa kwenda: kadi ya mkopo iwe na jina la yule atakayeshika usukani, na benki iambiwe mapema. Mkilala ndani ya ZTL msitosheke na ahadi, ombeni mwonyeshwe uthibitisho wenye nambari ya gari lenu. Chakula kiliwe kabla ya saa nane mchana. Na mkiipita E45, tokeni Sansepolcro hata kama matairi yote manne ni mazima.